Mbuzi wamerudi? Mwongozo wa kumlea mzee mwenye dimenshia nyumbani, hatua kwa hatua

Ndugu zangu hamjambo. Mimi nimemuuguza mama yangu miaka sita hapa Nkuhungu, Dodoma, mpaka alipotutoka mwaka juzi, na katika hiyo miaka sita ile miwili ya mwanzo niliiharibu kabisa kwa sababu hakuna mtu aliyenifundisha. Ukizaa mtoto nesi anakuonyesha namna ya kumshika, kumnyonyesha, kumuogesha, na kadi ya kliniki unapewa. Mzee akianza kusahau unaambiwa "mvumilie tu, ni mzazi wako" halafu unarudi naye nyumbani. Mimi kumpenda nilimpenda, kuvumilia nilivumilia, ila nilichokuja kugundua nimechelewa ni kwamba kumlea mtu mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomsahaulisha mtu, ni ufundi, kama fundi cherehani anavyofundishwa kukata kitambaa, na usipoujua unaweza ukampenda mzazi wako sana na bado ukawa unamliza kila jioni. Kwa hiyo naandika kwa ajili yako uliyeanza juzi, ambaye sa hivi unaficha machozi jikoni.

HATUA YA 1: Jua kwamba ni ugonjwa

Mzee wa kawaida anasahau jina la mjukuu wa kumi, baadae analikumbuka mwenyewe anacheka. Mwenye dimenshia anasimama mbele ya mafiga aliyoyapikia miaka arobaini na hajui aanze na maji au unga. Mimi nilishtuka siku nilipomkuta mama kamimina unga wa uwele kwenye sufuria kavu juu ya moto, anakoroga na mwiko, anakoroga tu, moshi umejaa, na yeye anasubiri ugali uive. Akanigeukia akaniambia "unga wa siku hizi mgumu". Hapo ndio nikajua hii sio uzee.

Dimenshia ni jina la hali, magonjwa yanayoileta ni mengi. Inayoongoza ni Alzheimer, imepewa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer ambaye alimuelezea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1906. Nyingine kubwa inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika kwa sababu ya presha, kisukari au kiharusi, ndio maana namsisitiza kila mwenye presha ameze dawa zake hata kama hajisikii chochote. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na wengi wao wako kwenye nchi za kipato kama chetu. Wale wanaosema ni ugonjwa wa wazungu wajue kuna utafiti ulifanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, ukachapishwa 2013, ukakuta katika wazee wa miaka 70 na kuendelea karibu 6 katika kila 100 wanayo. Hao ni wazee wa vijijini kama wa kwetu huku.

Ubongo wenyewe unakufa taratibu sehemu kwa sehemu. Hakufanyii makusudi. Hii sentensi iandike ukutani, utaihitaji.

HATUA YA 2: Akapimwe kabla hujaamua chochote

Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika kila siku: kalala saa ngapi, kaamka mara ngapi, kala nini, kapata choo au hajapata, katokewa na nini na ilikuwa saa ngapi, na dawa zote anazotumia pamoja na za miti shamba. Sababu ni hii, daktari ana dakika chache, na mzee akifika mbele ya mgeni anajikaza, anasalimia vizuri, anajibu "sijambo tu mwanangu", yaani unaonekana wewe ndio mwenye matatizo. Daftari litakusemea.

Anzia zahanati au kituo cha afya wakupe rufaa. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, tuna Benjamin Mkapa kule karibu na UDOM, na tuna Mirembe. Najua Mirembe watu wanaikwepa, huku kwetu jina lenyewe tunalitumia kutukanana toka shule ya msingi, lakini ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanasafiri toka mikoa ya mbali kuja pale na sisi tunaopanda bajaji mara moja tunaogopa kuonekana getini. Nilipoteza mwaka mzima kwa aibu hiyo. Usiupoteze wa kwako.

Mwambie daktari unaomba kujua kama kuna kitu kinachotibika. Kuna mambo yanafanana na dimenshia na yana dawa: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, pombe, na damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, hiyo inaweza kuja kidogo kidogo wiki kadhaa baada ya kujigonga kwahiyo kumbuka kama alidondoka. Masikio nayo yaangaliwe, wakati mwingine ni nta tu. Na macho, maana mzee mwenye mtoto wa jicho anaona vivuli na anachanganyikiwa mara mbili, huko hospitali ya Mvumi wana huduma ya macho ya siku nyingi.

Kuna hospitali wanaweza kumpa njiti za kiberiti na kumwambia azipange kama alivyoonyeshwa. Usicheke na usimsaidie. Kipimo cha namna hiyo kimetumika kule kule Hai kwa wazee ambao hawakusoma, kwa sababu ukimwambia bibi ambaye hajawahi kushika kalamu achore saa, unakuwa umempima shule.

Kuhusu hela: mzee wa miaka 60 kuendelea asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, utambulisho unaanzia serikali ya mtaa au kijiji. Fuatilia mapema, sio siku ya ugonjwa. Na ukifika hospitali ulizia dirisha la wazee, usipange foleni ndefu na mtu ambaye kila dakika tano anasimama kutaka kuondoka.

HATUA YA 3: Itisha kikao cha familia, halafu waambie majirani

Kikao kiwe kimoja na wote wawepo, wa Dar na wa Mwanza wapigiwe simu iwekwe spika. Ukimwambia kila mtu kivyake kila mtu ataelewa lake, na kaka mkubwa anayekuja mara moja kwa mwaka atakwambia "mbona mama yuko vizuri, tumeongea freshi kabisa". Soma daftari mbele yao. Kubalianeni vitu vya kushikika: nani anatoa shilingi ngapi kila mwezi na tarehe ngapi, nani anakuja kukaa wiki moja ili anayelea apumzike. Mambo ya hati ya kiwanja, mifugo, na namba ya siri ya simu ya pesa yawekwe wazi mapema wakati mzee bado anaweza kusema anataka nini, na mashahidi wawepo. Sisi tulichelewa, nikaja kushutumiwa na ndugu zangu kwamba nakula hela ya mama, wakati hela yenyewe ilikuwa inaisha kwenye sabuni.

Sasa majirani. Hapa naomba usome taratibu.

Nchi yetu hii wazee, hasa kina mama, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni za kutupikia sisi. Sasa fikiria bibi mwenye dimenshia: anatoka saa nane usiku, khanga imedondoka, anaongea peke yake, anagonga mlango wa nyumba ambayo anadhani ni kwao. Mtu asiyejua anaona nini? Kuna jirani yetu aliwakataza watoto wake kupita uwanjani kwetu, na maneno yakaanza mtaani. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikachukua karatasi ya hospitali nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yeye akaita majirani wa mtaa wetu jioni, nikasimama nikasema maneno haya, nawe unaweza kuyachukua kama yalivyo: "Mama yangu ana ugonjwa wa ubongo unaomsahaulisha. Usiku anaweza kutoka anatafuta kwao. Ukimuona mwite mama, mshike mkono taratibu, nipigie simu hata kama ni saa nane."

Baada ya pale ndio walinirudishia mama mara nne. Waambie pia mchungaji au shehe, mama lishe wa kona, na zaidi ya wote vijana wa kijiwe cha bodaboda, hao wanaona kila mtu anayepita.

HATUA YA 4: Acha kumsahihisha

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote.

Kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni jua likianza kulala mama alikuwa anahangaika. Anasimama mlangoni, anauliza "mbuzi wamerudi?" Ukimuacha dakika kumi anafunga nguo zake kwenye kitenge anataka kwenda kwao Bahi. Mimi nikawa namjibu ukweli: mama mbuzi waliuzwa zamani, sasa hivi tuko mjini, na baba alishafariki. Na kila nilipomwambia baba kafariki analia kama ndio kwanza amepokea msiba. Kila jioni. Nilimfiwisha mama yangu mume mara sijui mia ngapi, kwa nia njema kabisa, nikidhani namkumbusha.

Kuhangaika jioni ni jambo la kawaida sana kwenye dimenshia, mwanga unapungua, mwili umechoka, ubongo unashindwa. Na kwa mwanamke wa Kigogo aliyekulia kwenye mifugo, saa hiyo ndio saa ya kuhesabu mbuzi. Alikuwa anaenda kazini jamani.

Mhudumu mmoja wa afya ndio aliyenifungua macho, akaniambia usimjibu swali, mjibu moyo. Kwa hiyo nikabadilisha. Akiuliza mbuzi wamerudi, nakaa karibu yake namuuliza "ulikuwa nao wangapi mama?" Anaanza kunihesabia, mwenye doa, mwenye pembe moja, yule mkorofi anayekula khanga za watu. Tunaongea dakika kumi. Halafu namwambia "vijana wanawafungia sasa hivi, wewe tusaidie hii", nampa ungo na mahindi anapukuchua. Mikono ilikuwa inakumbuka kila kitu. Taa nawasha mapema kabla giza halijaingia, pazia nafunga. Haikufanya kazi kila siku ila ilifanya kazi siku nyingi.

Kuna watu wananiambia huko ni kumdanganya mzazi. Mimi naona hivi: ukiweza kumuuliza badala ya kumwambia, hujadanganya chochote, umekaa naye tu pale alipo. Na pale ambapo ilinibidi niseme vijana wanawafungia, nilisema, na ningesema tena.

Mengine ya kuongea, haraka haraka. Mjie kwa mbele, usimshtue kwa nyuma. Mtazame usoni, muamkie kwanza kila ukiingia hata kama umetoka dakika tano zilizopita. Sema jambo moja kwa wakati mmoja, "kaa hapa", sio "kaa hapa unywe chai kisha tuvae twende kanisani". Halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ubongo wake unahitaji muda huo. Usiulize "unanikumbuka mimi nani?", huo ni mtihani na unamuaibisha, wewe mwambie "mimi binti yako, nimekuletea uji". Akikutuhumu umemuibia hela, usijitetee, sema "pole mama, tuitafute wote", na ujue sehemu zake za kuficha, ya mama ilikuwa ndani ya foronya.

Na lugha. Kiswahili kwa wazee wengi wa huku walijifunza ukubwani, kwahiyo mara nyingi ndicho kinachoondoka mwanzo. Mwaka wa nne mama alirudi kwenye Kigogo kitupu na wanangu waliozaliwa mjini hawakijui, wakawa wanadhani bibi anaweweseka kumbe anaomba maji. Wafundishe watoto maneno ishirini tu: maji, njaa, choo, naumwa, baridi. Mwanangu mdogo alikuwa akimsalimia "mbukwa" bibi yake anainua kichwa anatabasamu, hata siku ambazo mimi nilikuwa simpati kabisa. Ngoma na nyimbo nazo zinabaki muda mrefu, mtu hawezi kusema jina lake lakini wimbo wa muheme, ngoma ya Wagogo, anauimba wote.

HATUA YA 5: Nyumba, na siku atakayopotea

Jiko la mkaa lisiachwe ndani wala asibaki nalo peke yake, moto na ile hewa yake vyote vinaua. Mafuta ya taa, sumu ya panya, dawa za kuogeshea mifugo, vyote kabatini na kufuli, hasa vile ambavyo mmeweka kwenye chupa za soda. Kisima na shimo la choo vifunikwe. Njia ya kutoka kitandani mpaka chooni iwe nyeupe, hakuna ndoo, hakuna mkeka unaokunjika, na taa ndogo ya sola iwake usiku kucha. Ndala zinazoteleza tupa, mtafutie kiatu chenye kamba ya nyuma. Kitasa cha ndani cha chumba chake kitoe asije akajifungia. Ila usimfungie kwa nje ukaondoka, moto ukitokea ndio basi.

Kupotea usiseme "wa kwangu hatoki". Shonea namba yako ya simu kwenye pindo la khanga zake na ndani ya kola za magauni, kwa uzi, karatasi inafutika. Kila asubuhi akishavaa mpige picha moja kwa simu, utajua leo kavaa nini. Akipotea usianze mbali. Anza nyuma ya nyumba, chooni, kwenye pagale, kichakani, halafu upande ambao moyo wake unaelekea. Mama yangu mara zote alikutwa anaelekea barabara ya Singida kwa sababu ndio njia ya Bahi, mara ya mwisho alikuwa amekaa chini ya mti, viatu mkononi, jua la Oktoba kama unavyolijua la Dodoma, midomo imekauka. Dakika kumi na tano hujamuona, piga simu kijiweni, kwa mwenyekiti na polisi, na tuma picha kwenye grupu la mtaa. Usione aibu kusumbua watu. Akirudi usimgombeze, mpe maji.

HATUA YA 6: Kuoga na kula

Kuoga ndiko kulikokuwa vita nyumbani kwetu. Anapiga kelele, anakwaruza, mpaka mtaa unasikia. Nikaja kujiweka mimi: uko uchi, kuna baridi, mtu ambaye humjui anakumwagia kopo la maji kichwani bila kukwambia. Si ungepigana?

Sasa fanya hivi. Chagua saa yake, mama alizoea kuoga alasiri akitoka shamba, sio asubuhi na ule upepo. Kila kitu kiwe tayari kabla hujamuita, maji ya vuguvugu, kigoda kisichoteleza, taulo. Usimwambie "twende ukaoge", mwambie "njoo tunawe miguu". Muache na khanga yake mwilini, osha chini ya khanga. Anza na miguu, panda taratibu, kichwa kiwe cha mwisho au siku nyingine kabisa. Mpe dodoki ashike mwenyewe, hata kama anasugua goti moja tu. Kila unapogusa sema, "sasa naosha mkono". Akikataa acha, rudi baada ya nusu saa umebadilisha khanga, mara nyingi anakuwa ameshasahau ule ugomvi. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, siku nyingine mpanguse uso, kwapani na sehemu za siri. Kama ni baba na wewe ni binti yake, tafuta mjukuu wa kiume au kijana mnayemuamini, heshima yake bado anaijua hata akisahau jina lako.

Chooni mpeleke kwa saa, kila baada ya masaa mawili hivi na baada ya kula, usisubiri aseme. Pampasi za wakubwa ni bei, wengi tunazibakiza kwa usiku, mchana tunatumia vitambaa vya pamba na nailoni chini ya shuka.

Chakula kidogo mara nyingi, bakuli moja, kijiko kimoja, sio sahani tatu mezani. Uji wa ulezi au mtama wenye karanga zilizosagwa na maziwa unampa nguvu. Akipenda kula kwa mkono muache ale kwa mkono. Maji ndio muhimu, wazee kiu hawaisikii vizuri na huku kwetu ni kukavu, mpe kikombe kidogo kila saa. Akae wima anapokula na abaki wima nusu saa. Akianza kukohoa kila akinywa, au chakula kinabaki shavuni, mwambie daktari haraka, chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu.

HATUA YA 7: Akibadilika ghafla, hiyo ni hospitali leo leo

Dimenshia inakwenda taratibu, miezi na miaka. Mtu ambaye jana alikuwa anakula na leo hajui kukaa, anapiga kelele, anaona vitu, au amelala tu haamki vizuri, ana kitu kingine juu yake. Mama usiku mmoja alianza kupambana na watu wasioonekana, ndugu wakasema pepo, wakataka twende kwa mganga. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Baada ya siku chache za dawa akarudi kuwa mama yule yule. Inaweza kuwa malaria, nimonia, upungufu wa maji, sukari kushuka, choo kigumu cha siku tano, maumivu ambayo hawezi kuyasema, au dawa mpya. Usisubiri asubuhi ya Jumatatu.

HATUA YA 8: Dawa

Kifupi: hakuna dawa ya kuponya. Zipo kama donepezili na memantini ambazo kwa baadhi zinasaidia kidogo kwa muda, uliza daktari, na usiuze ng'ombe kwa mtu anayekuahidi atamrudisha akili. Usinunue dawa ya usingizi dukani. Mimi nilinunua kwa sababu nilikuwa sijalala siku tatu, mama akaamka usiku kalewa nayo akaanguka akavunjika mkono, na huo mkono haukunyooka tena. Valium, Piriton, amitriptilini, zote zinaweza kumzidishia kuchanganyikiwa. Kama anaona watu au wanyama ambao hawapo na anatembea kwa kukakamaa, mwambie daktari hivyo hivyo kabla hajaandika dawa ya kumtuliza, kuna aina ya dimenshia ambayo dawa hizo zinaumiza vibaya.

HATUA YA 9: Wewe unayelea

Kuna siku nilimvuta mama mkono kwa nguvu mpaka alama ikabaki. Naandika hili kwa sababu najua wapo wanaosoma nao imewatokea na hawana pa kusemea. Ukiona hasira inapanda, hakikisha yuko sehemu salama, amekaa, halafu toka nje. Dakika tano. Mwombe msamaha hata kama hataelewa, sauti ataielewa.

Halafu jiulize umelala lini. Anayelea mara nyingi ni binti mmoja ambaye hajaolewa au aliyeachika, wote wanaona "si yupo tu". Hauko tu. Dai ile wiki mliyokubaliana kwenye kikao. Anayesema hana nafasi ya kuja alipe mtu wa kusaidia siku mbili kwa wiki, na huyo msaidizi naye umfundishe haya yote, usimwachie mzee dada wa miaka kumi na sita ambaye hajui hata huu ugonjwa unaitwaje. Pima presha yako. Nenda kwaya, nenda vikoba, kaa na watu wanaocheka. Ukijikuta huwezi kula, unalia bila sababu, au unawaza ni bora mmoja wenu afe, mwambie nesi au daktari siku hiyo hiyo, hiyo inatibika na haimaanishi humpendi.

Na tafuta mwenzako mmoja anayelea kama wewe. Mimi nilimpata kwenye benchi la hospitali, yeye anatoka Chamwino na baba mkwe wake, tulikuwa tunapigiana simu saa tano usiku wazee wakilala, mmoja anasema "wangu leo kaficha unga kitandani", mwingine anasema wa kwake. Hiyo simu ilinisaidia kuliko ndugu zangu wote.

HATUA YA 10: Akishindwa kuamka

Itafika. Kazi inabadilika, sasa ni mwili. Mgeuze kila baada ya masaa mawili, kushoto, kulia, mgongo, andika saa kwenye daftari ili wa zamu ajue. Geuza wawili, mmoja akiwa upande huu na mwingine ule, mkimbeba kwa shuka bila kumburuta, maana kuburuta ndiko kunachubua ngozi. Weka khanga iliyokunjwa katikati ya magoti, na mto chini ya mapaja na miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Kila asubuhi angalia kama vidonda vya kulalia vinaanza, kwenye mfupa wa mkia, viunoni, visiginoni na nyuma ya masikio, kwa mwanga wa dirishani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: pakiwa na joto kuliko pembeni, pagumu, au pameiva rangi tofauti, usipasugue na usipake majivu wala chumvi. Usimlaze tena upande huo, na mlete mhudumu wa afya aone. Akiacha kula usimlazimishe kwa kijiko wala sirinji. Lowesha kitambaa safi kwenye maji, mpanguse midomo, umsemeshe kwa lugha yake, maana hata asipojibu huenda bado anakusikia.